Kabla hujamuua shujaa wa gemu yako, mpe mchezaji gogo

Mwaka jana niliandika tukio nililoamini litamliza kila atakayelicheza. Bibi mmoja anazuia lango la bwawa kwa mikono yake ili wanakijiji wapite, kisha maji yanamchukua. Nilimpa mdogo wangu padi ya gemu, nikakaa pembeni nikimtazama usoni. Alipofika pale akageuka: "Dada, kwa nini asiweke gogo? Si tunalo?" Na kweli, gogo lilikuwa kwenye mkoba wa mchezaji tangu hatua ya pili.

Siku hizi, kabla sijaandika neno lolote la kuaga, nachukua daftari na kuandika kila alichonacho mchezaji wakati ule: silaha, dawa, kamba, wenzake na uwezo wa kila mmoja. Halafu nauliza kwa nini hiki kisimwokoe anayekufa. Jibu lazima litoke kwenye sheria ambazo gemu imeshamfundisha mchezaji. Maneno ya mhusika hayatoshi.

Gemu ya Fallout 3 ya mwaka 2008 ilinifundisha hili kwa uchungu. Katikati ya hadithi, baba yako anajifungia na wanajeshi ndani ya chumba cha mtambo wa kusafisha maji, anakijaza mionzi, na wewe uko nyuma ya kioo. Kifo kile nilikiamini, kwa sababu sikuwa na namna ya kumfikia. Mwishoni unarudi kwenye chumba kilekile. Mtu lazima aingie kuuwasha mtambo, na mionzi itamuua. Lakini huenda umefuatana na Fawkes, jitu lisilodhurika na mionzi, ambalo lilishaingia kwenye chumba cha namna hiyo kukuchukulia kifaa cha mtambo huohuo! Ukiliomba linakataa, eti hiyo ni hatima yako. Nilizima kompyuta kwa hasira. Nilikuwa tayari kufa kwa ajili ya watu wale, ila si kwa sababu rafiki yangu amesahau anachoweza. Mwaka 2009 nyongeza ya Broken Steel iliruhusu Fawkes aingie.

Ukishafunga njia zote, mtafutie anayekufa sababu yake mwenyewe, na uipande mapema. Katika Mass Effect 2 tunajua kwamba mwanasayansi Mordin Solus alishiriki kuuimarisha ugonjwa unaowafanya Wakrogan, viumbe wa sayari nyingine, wapate watoto wachache mno. Tunabishana naye, anajitetea, tunaona linavyomkera. Kwa hiyo katika gemu ya tatu, ya 2012, anapopanda mnara unaobomoka ili aieneze tiba, hahitaji hotuba. Anasema tu kwamba mtu mwingine angeweza kukosea. Nilikaa na padi mapajani hadi mama akaniita kula.

Kisha mguse mchezaji mwenyewe. Akimpoteza mhusika, apoteze na kitu alichokuwa akikitumia kila siku. NieR: Automata ya 2017 ilifika mbali kuliko zote nilizocheza: mwisho kabisa, wachezaji wengine wanakuja kukusaidia, nawe unaulizwa kama uko tayari kufuta data zako zote za kusevu ili umsaidie mtu usiyemjua. Ukikubali, zinafutika kweli. Nilikubali, na mikono ilitetemeka.

Na ukishamuua, mwache. Final Fantasy IV ya mwaka 1991 ina mapacha wadogo wanaojigeuza mawe ili kuzuia kuta zisiwaponde wenzao. Niliwalilia. Baadaye mwenzao mwingine, Cid, anaruka na bomu, naye anapatikana hai. Mapacha nao wanarudishwa. Nikaanza kumngoja hata mzee Tellah, ambaye alikufa kweli, na kungoja huko kukamnyima msiba wake.

Bibi yangu wa bwawa nimemwandika upya. Sasa mchezaji analiweka gogo mwenyewe. Linashika sekunde kumi, linapasuka. Lango lile bibi alilijenga ujanani kwa haraka, na amekuwa akilitaja tangu mwanzo kila mvua inaponyesha. Tena yeye ndiye anayetia alama kwenye ramani: visima, njia za mkato, nyumba za kulala. Maji yakishamchukua, ramani inabaki tupu kuanzia hapo.

Mdogo wangu alicheza tena Jumapili. Baada ya bwawa aliifungua ramani mara tatu, akaifunga, na safari hii hakuniuliza kitu.