Mchikichi Ukitoa Madume Mfululizo, Usikimbilie Panga

Wakulima wengi wa Kigoma waliopanda Tenera, aina ya mchikichi yenye kokwa la ganda jembamba na mafuta mengi, tangu serikali ilipoanza kulihimiza upya zao hili mwaka 2018 sasa wanaona maua, na lalamiko linalosikika sana ni moja: "Huu wangu ni dume, naung'oa." Kauli hiyo imezoeleka kwenye mipapai, ambako kweli kuna mti dume na mti jike. Mtende nao uko hivyo, na mvumo pia. Mchikichi hauko hivyo. Mti mmoja hutoa maua dume na maua jike, ila si kwa pamoja. Huenda kwa zamu: miezi kadhaa madume, kisha miezi kadhaa majike. Ukiung'oa wakati wa zamu ya madume umeng'oa mti mzima usio na kasoro.

Kila kwapa la tawi lina chipukizi moja la shada la maua. Mchikichi uliokomaa hutoa matawi kama mawili kwa mwezi, kwa hiyo kila mwezi una nafasi ya mashada mawili hivi. Kila moja litakuwa dume, au jike, au litakufa likiwa changa bila wewe kuliona. Mara chache, hasa kwenye miti michanga, utakuta shada la huntha lenye vidole vya dume na vya jike humohumo. Hilo lisikutishe, ni mti unaobadili zamu.

Kuyatofautisha si kazi ngumu ukisogea karibu. Shada dume lina kikonyo kirefu na vidole vingi vyembamba, laini, vilivyosimama pamoja. Likichanua hugeuka njano na kutoa harufu inayokaribia ya bizari tamu. Ligonge kidogo kwa mkono, chavua itaruka kama unga. Angalia vizuri na utaona vidudu vidogo vya rangi ya kahawia vikipanda na kushuka: hao ni fukusi wa mchikichi, tutarudi kwao.

Shada jike ni fupi, nene, limebanwa kwapani, na lina miba. Vaa glavu kabla ya kulipekua. Ndani, kila ua lina ncha iliyogawanyika mara tatu. Ncha hizo zikiwa nyeupe zinazoelekea njano, ua liko tayari kupokea chavua, na nafasi hiyo ni ya siku mbili tatu tu. Zikianza kuwa nyekundu na kisha kuwa nyeusi, wakati umepita. Kutoka hapo hesabu miezi mitano hadi sita mpaka mkungu uive.

Sasa, kwa nini mti utoe madume mfululizo? Jinsia ya shada huamuliwa karibu miaka miwili kabla halijachanua. Madume unayoyaona leo yanasimulia shida ambayo mti uliipata wakati huo: kiangazi kikali, magugu, ukosefu wa mbolea, au panga la mwenye shamba. Kigoma ina miezi ya ukavu kuanzia Juni hadi Septemba, na mchikichi ni mti unaopenda mvua mwaka mzima, kwa hiyo madume kiasi fulani hayaepukiki kwetu. Lakini mengi tunajitakia. Kuna wanaokata matawi mpaka mti unabaki na kishungi juu, ili mahindi na maharage ya chini yapate jua. Mti huo umenyang'anywa chakula, na miaka miwili baadaye mwenyewe analaumu mbegu.

Kanuni ya kupogoa ni rahisi: chini ya mkungu uliokaribia kuiva acha matawi mawili mabichi, na kwa miti michanga acha matatu. Mti mzima usishuke chini ya matawi 32. Toa yaliyokauka, achana na mabichi. Yale uliyokata usiyachome; yapange katikati ya mistari yaoze na kutunza unyevu. Palilia duara kuzunguka shina kabla ya kiangazi, na usisahau potasiamu unapoweka mbolea, kwa sababu wengi huishia kwenye urea pekee.

Kosa jingine ni kusafisha mti kwa kukata madume yaliyokwisha kuchanua, eti yanaunyonya. Fukusi hutaga na kulea watoto wao kwenye madume hayohayo yanayozeeka. Wakitua kwenye madume yanayochanua hujaa chavua, kisha hufuata harufu ya shada jike na kuliachia chavua hiyo. Malaysia iliwahi kulipa watu kuchavusha michikichi kwa mkono, mpaka mwaka 1981 ilipopeleka fukusi hao kutoka Kameruni. Sisi wako hapahapa bure, halafu tunawakatia nyumba! Madume yaache yakauke yenyewe. Na kama ni lazima kupuliza sumu ya wadudu kwenye mazao mengine shambani, usiielekeze kwenye mashada yaliyochanua.

Upo mti mmoja unaostahili kweli kuondolewa, na ajabu yake ni kwamba hutoa majike kwa wingi. Huo ni Pisifera, aina ya mchikichi ambayo kokwa lake halina ganda. Unanawiri, una mashada jike, lakini mikungu yake huoza kabla ya kuiva, msimu baada ya msimu, wakati jirani zake wanazaa. Mara nyingi hutokana na mbegu iliyookotwa chini ya Tenera. Tenera ikichavushwa na Tenera, kwa wastani robo ya watoto ni Dura (aina ya ganda nene, yenye mafuta machache), nusu Tenera, robo Pisifera. Ikichavushwa na Dura ya jirani, nusu watakuwa Dura. Chukua miche TARI Kihinga, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania kilichoko Kigoma, au kwa mzalishaji aliyeidhinishwa. Lakini kama tatizo ni mikungu yenye punje chache zilizojaa na vipunje vingi vidogo, tena kwenye miti mingi kwa pamoja, hapo uchavushaji ndio umepungua. Tazama kwanza kama shamba lina madume ya kutosha na kama fukusi wapo.

Ili usibahatishe, chagua miti 20 iliyotawanyika shambani, ipige namba kwa rangi, na kila mwisho wa mwezi andika kwenye daftari: madume mangapi yamechanua, majike mangapi. Daftari hilo litakuonyesha mavuno ya mbele. Majike mengi yaliyochanua Novemba ni mikungu ya Aprili na Mei, kwa hiyo tafuta vibarua na nafasi ya kukamulia mapema. Ukiona madume yametawala miti karibu yote, usichukue mkopo ukitegemea mawese ya nusu mwaka ujao.