Hija ya pamoja ya kupanda Kilema: mwendo, pambio na Baba Yetu

Waandaaji wengi wa hija huanza na vitenge na kosta. Anzeni na mtu wa mwisho. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro msafara hukatika vipande ndani ya nusu saa: vijana wa kwaya wako juu, akina mama wako katikati, wazee wako chini wanaulizia njia kwa wachunga ng'ombe. Wanapokutana mwisho wa safari kila kundi limeshasali na kunywa chai kivyake.

Kwa parokia na sharika za Moshi zinazotaka kutembea pamoja, Kilema, penye parokia ya Kikatoliki mlimani, inafaa. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni hapo mwaka 1890. Waanglikana wa shirika la kimisionari la CMS walikuwa wamefika Old Moshi mwaka 1885, na Walutheri wa misheni ya Leipzig, Ujerumani, wakaja Machame mwaka 1893. Mlima mmoja, miaka minane. Ongeeni na paroko wa Kilema kabla ya kupanga tarehe yoyote.

Siku na njia

Ijumaa Kuu inavutia kwa ajili ya Njia ya Msalaba, ila mara nyingi huangukia masika, na udongo mwekundu ukilowa hata mwenye raba nzuri anateleza, sembuse aliyebeba msalaba. Juni hadi Septemba ni afadhali. Julai asubuhi kuna baridi na mawingu, kila mtu abebe sweta. Wanaotaka Juma la Kuombea Umoja wa Wakristo, 18 hadi 25 Januari, waondoke alfajiri maana jua la mwezi huo halina huruma.

Msitembee kwenye barabara kuu ya Himo. Malori ya kwenda Holili hayana simile. Kosta iwashushe mlima unapoanza, mpande kilomita 7 au 8. Kundi lenye wazee huenda kama kilomita 2.5 kwa saa pamoja na mapumziko, kwa hiyo kilomita 8 ni saa tatu na dakika chache. Wiki mbili kabla, mtu mmoja apite na bodaboda akiandika kilomita za kila penye kivuli, bomba la maji, pa kugeuzia gari, na choo cha shule au kanisa kinachoweza kufunguliwa. Choo ndicho kinachosahaulika kila mara, na ndicho kinachokata msafara kuliko uchovu. Siku hizohizo barua iende kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) na kwa serikali za vijiji mtakavyopita.

Maji: nusu lita kwa mtu kwa saa. Watu 120 kwa saa tatu ni lita 180, yaani madumu tisa ya lita 20 kwenye pikapu. Pikapu hiyo itembee nyuma, ibebe pia anayeshindwa.

Kwa nini wimbo unavunjika

Watu 120 wakipanda wawiliwawili hunyooka hadi mita 170 hivi. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, basi mkia unausikia wimbo nusu sekunde baadaye. Kwa pambio la mapigo 120 kwa dakika, nusu sekunde ni pigo zima. Jibu la mkia likirudi mbele limechelewa mapigo mawili. Mwanzishaji anadhani watu wa nyuma wamelala, anaongeza kasi, na hapo kila kitu kinaharibika. Spika kubwa kwenye gari la mbele haiondoi tatizo hili. Inalisambaza tu kwa sauti ya juu zaidi.

Gawanyeni makundi matatu ya watu 40, kila moja likiwa na Wakatoliki, Walutheri na Waanglikana waliochanganyika. Mkigawa kwa madhehebu mtapata hija tatu. Mwanzishaji akae katikati ya kundi lake. Mbele awekwe mwenye mwendo wa taratibu kuliko wote, na hakuna ruhusa ya kumpita; nyuma mfunga mkia mwenye kizibao cha kung'aa. Makundi yaimbe kwa zamu za dakika kumi, mengine yakisali kimya, la sivyo mtasikia nyimbo mbili zikigombana kwenye migomba.

Mlimani chagueni mapambio yenye jibu la maneno mawili au matatu. Tenzi za beti ndefu humaliza pumzi, zihifadhiwe kwa mapumziko. Wimbo ulioandikwa Doh ni G, uanzeni Doh ni F, yaani chini kidogo. Mwanzishaji abadilishwe kila baada ya mapambio mawili, hata kama ni fundi. Ngoma moja na kayamba zinatosha. Vigelegele havihitaji maandalizi.

Kwenye vituo someni Zaburi 120 hadi 134, zile za wahujaji wa kupanda Yerusalemu. Nyingi ni fupi. Ya 132 ina aya 18, itafutieni kivuli. Toeni fotokopi za tafsiri moja, kwa sababu vitabu vya watu vitatofautiana.

Maneno ya kukubaliana kabla

Baba Yetu ndipo penye aibu. Mkatoliki anasema "ufalme wako ufike", Mlutheri anasema "ufalme wako uje". Mmoja yuko kwenye "kishawishi", mwenzake kwenye "majaribuni". Kisha Mkatoliki anasema Amina baada ya "utuopoe maovuni", huku Mlutheri akiendelea peke yake na "kwa kuwa ufalme ni wako". Wakatoliki wanayajua maneno hayo kutoka kwenye Misa, ila hapo hawayatarajii. Chapeni andiko moja kwenye karatasi, lifanyiwe mazoezi mara mbili kabla ya safari.

Juu pangeni ibada ya Neno. Kanuni za Kanisa Katoliki haziruhusu kwa kawaida kushiriki Ekaristi pamoja, na ni ukatili kumwacha mama afike mbele ndipo aambiwe. Litangazwe makanisani wiki mbili kabla, na mchungaji na padre walitangaze kwa maneno yaleyale. Sadaka nayo: amueni inakwenda wapi kabla kikapu hakijapita.

Chakula kipikwe na wapishi wa pande zote, sufuria zikiwa na alama za rangi. Kilo moja ya mchele hushibisha watu sita, basi watu 120 ni kilo 20. Njiani ndizi mbivu na karanga zinatosha.

Kushuka, tumieni kosta. Magoti ya wazee huumia kwenye mteremko kuliko kwenye kupanda. Orodha ya majina ya asubuhi isomwe tena mlangoni mwa kila gari, mtu aitike mwenyewe, asiitikiwe na jirani, ndipo dereva awashe.