Kusanifu Bodi ya Saketi kwa KiCad: Kinga ya Betri ya Taa za Dagaa

Wavuvi wa dagaa wanaoondoka Deep Sea na Sahare, Tanga, usiku wa giza, ambao wazee wao walitegemea karabai, siku hizi huwasha taa za LED zinazotumia betri ya volti 12. Betri ya asidi inayotumiwa mpaka iishe kabisa huharibika upesi, na anayeumia ni mwenye chombo, kwa kuwa betri ni ghali kuliko taa zenyewe. Dawa yake ni saketi ndogo inayokata taa volti ikishuka hadi 11.5 na kuiwasha tena betri ikishachajiwa. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuisanifu bodi ya saketi hiyo kwa programu huria ya KiCad. Nimeichagua saketi hii kwa sababu, pamoja na udogo wake, inamlazimisha msanifu kufikiria mkondo mkubwa, kipimo kinachotaka usahihi, na hewa ya chumvi ya Tanga.

KiCad ilianzishwa mwaka 1992 na Jean-Pierre Charras nchini Ufaransa. Kuanzia mwaka 2013 kituo cha utafiti cha CERN kilianza kuchangia maendeleo yake, na mwaka 2019 mradi ukajiunga na Linux Foundation. Hutolewa bure chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu kila mtu kuitumia na kuibadilisha, hufanya kazi kwenye Linux, Windows na macOS, na hukubali bodi zenye matabaka ya shaba hadi 32. Faida ninayoithamini zaidi ni kwamba mafaili yake ni maandishi ya kawaida, kwa hiyo fundi wa Pangani atakayeletewa bodi hii miaka kadhaa baadaye anaweza kuufungua mchoro, kuusahihisha na kuuchapa upya bila kununua kibali cha mtu yeyote.

Faili la usakinishaji la Windows ni kubwa, zaidi ya gigabaiti moja, hivyo ni vyema kulipakua mara moja na kulihifadhi kwenye flashi ili wenzako wasitumie bando zao kwa kitu kilekile. Kwenye Linux ya jamii ya Debian, maktaba ya maumbo ya pande tatu huja kama kifurushi tofauti, na asiye na nafasi anaweza kuiacha bila kupoteza chochote cha lazima.

Kabla ya kufungua programu, iandike saketi kwenye karatasi na uhakikishe hesabu zake. Moyo wa saketi yetu ni aisii (saketi nzima ndani ya kasha moja dogo) ya LM393, ambayo hulinganisha volti mbili. Mguu wake wa kuingilia wa hasi unapata volti 2.5 zisizobadilika kutoka TL431, kijenzi cha kutoa volti za rejea, inayolishwa kupitia resista ya kilo-ohm 4.7. Mguu wa kuingilia wa chanya unapata sehemu ya volti ya betri kupitia resista mbili, kilo-ohm 39 upande wa juu na kilo-ohm 10 upande wa chini. Tokeo la aisii, likivutwa kuelekea chanya na resista ya kilo-ohm 10, huwasha mosfeti (swichi ya kielektroniki) ya IRFZ44N iliyowekwa upande wa hasi wa taa. Resista ya kilo-ohm 470 inarudisha tokeo kwenye mguu wa chanya, na hiyo ndiyo inayofanya taa izimike kwenye volti 11.5 na kuwaka tena volti zikifika karibu 12.5. Pengo hilo la volti moja lina sababu yake. Betri ikipumzishwa mzigo, volti zake hupanda zenyewe kidogo, na pasipo pengo taa ingewaka na kuzima mfululizo mpaka alfajiri.

Sasa fungua mradi mpya na uingie kwenye kihariri cha mchoro. Kitufe cha A huleta alama za vijenzi, W huanzisha waya, R huzungusha, na E hufungua sifa za kijenzi ili uandike thamani yake. Panga mchoro ili usomeke kutoka kushoto kwenda kulia, betri ikianza na taa ikimalizia, na uyape majina maungo muhimu, kwa mfano BETRI, TAA_HASI na REJEA, kwa sababu majina hayo yatakufuata hadi kwenye bodi na kukuonyesha ni njia ipi unayoivuta.

LM393 ina vilinganishi viwili ndani ya kasha moja, na KiCad huionyesha kwa sehemu tatu, yaani kilinganishi cha kwanza, cha pili, na miguu ya umeme. Wanaoanza huweka sehemu ya kwanza wakadhani wamemaliza, na miguu namba 4 na 8 ikabaki haijaungwa popote. Weka sehemu zote tatu. Miguu ya kuingilia ya kilinganishi kisichotumika iungwe kwenye hasi, na tokeo lake litiwe alama ya kutoungwa kwa kitufe cha Q.

Endesha ukaguzi wa kanuni za umeme. Karibu kila mtu hukutana na lalamiko kwamba mguu wa umeme haulishwi na chanzo chochote, hata kama betri imeungwa sawasawa. Programu haijui kwamba umeme unaingia kupitia tamino ya skrubu, yaani kiungio cha kufungia waya, kwa hiyo weka alama ya PWR_FLAG kwenye waya wa chanya na kwenye ule wa hasi, na lalamiko litaondoka. Usizoee kupuuza malalamiko, hata yanayoonekana madogo, kwani siku ukiyazoea, la kweli litapita katikati yake.

Hatua inayofuata ndiyo inayostahili muda mwingi kuliko zote, nayo ni kumpa kila kijenzi unyayo wake, yaani umbo la pedi (vipande vya shaba vya kulehemea miguu) na matundu litakalochorwa kwenye bodi. Alama katika mchoro haijui kama resista yako ni ya robo wati au ya wati tano. Usichague unyayo kwa kukisia. Nenda kwanza dukani Ngamiani, au fungua kopo la vijenzi vilivyong'olewa kwenye redio mbovu, ushike kijenzi kitakachotumika na ukipime kwa rula. Resista ya kawaida ya robo wati ina mwili wa milimita 6.3, na unyayo wenye nafasi ya milimita 10.16 kati ya matundu unaitosha vizuri. TL431 yenye kasha la TO-92 huja na nyayo mbili zinazofanana kwa jina. Wa kawaida una miguu iliyotengana kwa milimita 1.27 tu, nafasi finyu mno kwa bodi itakayochongwa kwa dawa nyumbani, na mwingine ni mpana wenye milimita 2.54. Chagua mpana.

Mpangilio wa miguu uhakikishwe vilevile. IRFZ44N, ukiitazama upande wenye maandishi, ina geti kushoto, dreni katikati na sosi kulia, na bamba lake la chuma limeungana na dreni. Kama alama uliyoichagua ina namba tofauti, bodi nzima itakuwa sahihi kwa macho na batili kwa umeme, na hakuna ukaguzi wa programu utakaoligundua hilo. Fungua karatasi ya data ya kijenzi chenyewe na ulinganishe namba kwa namba.

Nyayo zikishatimia, ingia kwenye kihariri cha bodi na ubonyeze F8 ili kuleta kila kitu kutoka kwenye mchoro. Kabla ya kusogeza hata resista moja, weka kanuni za bodi. Kwa bodi ya tabaka moja itakayochongwa nyumbani ninapendekeza njia za kipimo, yaani mistari ya shaba inayobeba volti za kupimwa, zenye upana wa milimita 0.6 na nafasi ya milimita 0.4 au zaidi kati ya shaba na shaba. Njia za taa zipewe kundi lake la kanuni. Shaba ya kawaida ina unene wa maikromita 35, na kwa unene huo ampia 3 zinahitaji njia ya takriban milimita 1.4 ili joto lisipande zaidi ya nyuzi 10, ilhali ampia 5 zinahitaji karibu milimita 2.8. KiCad ina kikokotoo chake cha kazi hiyo. Mimi huweka milimita 3, kwa kuwa nafasi ipo na mvuvi anaweza kuongeza taa bila kuuliza mtu.

Chora ukingo wa bodi kwenye tabaka la Edge.Cuts na uhakikishe umefunga pande zote. Weka matundu manne ya milimita 3.2 kwa skrubu za M3, tamino za betri na taa ukingoni ambako waya zitafika bila kupindana, na fyuzi mara tu baada ya tamino ya betri. Kisha panga vijenzi vingine huku ukitazama nyuzi nyembamba zinazoonyesha kipi kinaungana na kipi. Zikikatana sana, zungusha aisii kabla ya kuanza kuvuta njia. Kapasita ya nanofaradi 100 ikae ubavuni mwa LM393, karibu kabisa na mguu namba 8.

Kitufe cha X huanza kuvuta njia. Anza na njia nene za taa, na hapa upo usanifu wenyewe. Njia ya shaba yenye urefu wa milimita 50 na upana wa milimita 1 ina ukinzani wa takriban ohm 0.025, kwa hiyo ampia 3 zikipita huipunguza volti kwa 0.075. Ukichukua kipimo cha betri mwishoni mwa njia hiyo, saketi itaamini betri imechoka kuliko ilivyo, na kosa litakua kila taa inapoongezwa. Kwa sababu hiyo, resista ya kilo-ohm 39 ivutiwe njia yake peke yake kutoka kwenye fyuzi, na hasi ya LM393 na TL431 irudi moja kwa moja kwenye tamino ya hasi ya betri, isishirikiane na njia inayotoka kwenye sosi ya mosfeti. Programu zinazovuta njia zenyewe hazijui jambo hili, kwani kwao hasi yote ni hasi moja, na ndiyo maana siwashauri wanaojifunza kuzitumia. Kwa sababu hiyohiyo, usijaze bodi yote shaba ya hasi bila kufikiri. Kama unataka kujaza, jaza upande wa mkondo mkubwa na uuache upande wa kipimo ukiwa na njia zake.

Hewa ya pwani nayo ina madai yake. Chumvi na unyevu vikikaa kati ya njia mbili zenye tofauti ya volti, shaba huliwa taratibu na kijani huota kwenye pedi. Tenganisha njia ya chanya na zile zinazoelekea mguu wa kipimo kwa milimita 1 au zaidi, kwa kuwa uvujaji mdogo hapo hubadilisha kiwango cha kukata. Acha pia milimita kadhaa zisizo na shaba kuelekea ukingoni.

Endesha ukaguzi wa kanuni za bodi mpaka usiwe na kosa wala waya ambao haujaungwa. Baada ya hapo chapa bodi kwenye karatasi kwa ukubwa wa asilimia 100, pima milimita 50 kwa rula ili kujiridhisha na printa, kisha toboa matundu ya karatasi na uingize vijenzi vyenyewe. Dakika hizo chache hufichua nyayo zote zisizolingana.

Kama bodi itatengenezwa kiwandani, toa mafaili ya Gerber, yaani michoro inayosomwa na mashine za kiwanda, ya matabaka ya shaba, ya rangi ya kinga, ya maandishi na ya ukingo, pamoja na faili la matundu, kisha uyatazame yote kwa kisomaji cha Gerber kilichomo ndani ya KiCad kabla ya kuyatuma. Kama utaichonga mwenyewe kwa printa ya leza, pasi ya nguo na feriki kloraidi, chapa tabaka la B.Cu, yaani shaba ya upande wa chini, bila kuligeuza, kwa sababu karatasi inapolazwa kifudifudi juu ya shaba picha hugeuka yenyewe. Andika neno fupi kwenye tabaka hilo. Likisomeka kinyume kwenye karatasi, litasomeka sawa kwenye shaba. Vaa glovu, fungua madirisha, na usimwage dawa iliyotumika kwenye mtaro wa barabarani, kwani mitaro yetu huishia baharini.

Baada ya kulehemu, safisha fluksi (utomvu unaosaidia risasi kushika) kwa spiriti na usiunge betri bado. Tumia chanzo cha umeme kinachorekebishika, anza na volti 13, ushushe polepole huku multimita ikiwa kwenye tamino ya betri, na uone taa ikizimika karibu na 11.5, kisha pandisha mpaka iwake tena karibu na 12.5. Resista za asilimia 5 zinaweza kuupotosha ukomo huo kwa sehemu kadhaa za volti, hivyo kwa 39 na 10 tafuta za asilimia 1, au upime nyingi na kuchagua. Vanishi ya kinga ipakwe baada ya majaribio haya kufaulu, pande zote mbili za bodi, tamino na kishikio cha fyuzi zikiwa zimefunikwa kwa utepe wa karatasi wenye gundi ili vanishi isiingie mahali ambapo chuma kinapaswa kugusana na chuma.