Deni la Hospitali Kupelekwa kwa Wakusanya Madeni Ilhali Unalilipa: Namna ya Kulishughulikia

Barua ya kampuni ya kukusanya madeni ikikufikia ilhali kila mwezi umekuwa ukipeleka fungu lako hospitalini, usikimbilie kulipa wala kugombana na aliyeileta. Barua niliyoletewa mimi nyumbani Tabata ilidai Sh 1,980,000, yaani deni lote la awali la Sh 1,800,000 pamoja na asilimia kumi ya gharama za ukusanyaji, kana kwamba Sh 150,000 nilizolipa kwa miezi saba mfululizo hazikufika popote. Zilifika, ila mafungu mawili yaliingizwa kwenye faili la mama, aliyetibiwa hapohapo na ambaye jina letu la ukoo ni moja, na mengine matano yalikuwa kwenye daftari ambalo aliyeandaa orodha ya wadaiwa hakulifungua.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuoanisha kila malipo na namba ya faili. Risiti za EFD, yaani za mashine ya kielektroniki ya kodi, huchapwa kwenye karatasi inayofifia kwa joto, na joto la Dar es Salaam halina huruma, basi zitolee kopi mapema. Kama ulilipa kwa simu, omba mtandao wako ukupe taarifa ya miamala ya kipindi chote badala ya kutegemea meseji. Katika hospitali za Serikali, andika pia namba ya kumbukumbu ya malipo (control number) pembeni mwa kila tarehe, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha fedha iliingia kwenye ankara ipi.

Ukiwa na jedwali hilo, nenda uhasibu, si dirishani kwa keshia, ambaye mara nyingi huona bili ya siku hiyo tu. Peleka barua yenye nakala mbili, ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Omba taarifa kamili ya akaunti ya mgonjwa, marekebisho ya malipo yaliyoingizwa kwingine, na barua ya kuwataka wakusanyaji wasitishe madai hadi hesabu zilingane. Taja salio unalolikubali, kwangu lilikuwa Sh 750,000, na usikiri hata shilingi moja zaidi yake.

Wakusanyaji nao waandikie, ukiwataka waonyeshe barua ya hospitali inayowapa mamlaka, mchanganuo wa deni, na kifungu cha mkataba kinachoruhusu hiyo asilimia kumi. Fomu niliyosaini siku ya kulazwa haikuwa na kifungu hicho, nikaikataa nyongeza hiyo kwa maandishi.

Vitisho vya kubeba friji au kitanda visikutoe jasho, kwa sababu deni la namna hii halimpi mtu ruhusa ya kuchukua mali yako bila amri ya mahakama. Akija anayejiita dalali wa mahakama, omba kuiona amri hiyo na mwite mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa ashuhudie. Mkusanyaji akieleza ugonjwa wako kwa majirani au kwa mwajiri, una haki ya kulalamika chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini hati ya wito wa mahakama usiipuuze kamwe, kwani usipofika shauri linaweza kuamuliwa upande mmoja. Nenda siku iliyotajwa na vielelezo vyako, na kama huna wakili, watoa msaada wa kisheria kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wanaweza kukuongoza.

Hesabu zikishalingana, mpango mpya wa malipo uandikwe na kusainiwa na pande zote, ukitaja wazi unalipa kwa nani, maana kulipa hospitalini na kwa wakusanyaji kwa pamoja ndiko kunakoanzisha mkanganyiko mwingine. Fungu la mwisho likiingia, usiondoke uhasibu bila barua inayosema deni la faili hilo limekwisha.