Kuzalisha sikilidi wanaoatamia mdomoni na kuwalinda vifaranga wao

Jike wa sikilidi (jamii kubwa ya samaki wa maji baridi, ambamo sato pia yumo) anayeatamia mdomoni hukaa takribani wiki tatu bila kula chakula cha maana, akiwa amebeba kwanza mayai na kisha vifaranga ndani ya kinywa chake, na katika muda huo wote kazi kubwa ya mfugaji ni kuizuia mikono yake mwenyewe. Somo hili linawahusu hasa mbuna, yaani sikilidi wadogo wa kwenye miamba ya Ziwa Nyasa, kama vile Labidochromis caeruleus wa manjano, pamoja na Tropheus wa Ziwa Tanganyika. Sato naye huatamia kwa namna hiyohiyo, lakini akishakua hakuna tangi la sebuleni linalomtosha.

Hatua ya 1: Tangi la wazazi

Kundi la mbuna linahitaji tangi la lita 200 au zaidi, lenye mchanga chini na mawe yaliyopangwa imara hadi karibu na uso wa maji, ili jike anayefukuzwa apate pa kupenya. Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi, na pH (kipimo cha uasidi wa maji) kati ya 7.8 na 8.6. Pima amonia (taka ya samaki inayoyeyuka majini) kila wiki na usikubali isome chochote zaidi ya sifuri, kwa sababu kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyogeuka kuwa sumu kali. Kiasi ambacho samaki wa maji laini, yenye pH ya chini, angekivumilia kinaweza kuwaua mbuna.

Hatua ya 2: Dume mmoja, majike kadhaa

Weka dume mmoja kwa majike watatu au zaidi, kwani dume aliyewekwa na jike mmoja humwandama usiku na mchana hadi amchoshe au amuue. Tropheus wana tabia yao: hufugwa kwa kundi la samaki 12 au zaidi, ubabe upate kugawanyika.

Hatua ya 3: Kutaga

Dume akishakuwa tayari, rangi zake hukolea, naye husafisha jiwe bapa au huchimba kishimo mchangani kisha humtetemekea jike akimwalika. Jike hutaga yai moja au machache, hugeuka papo hapo na kuyaokota kwa mdomo. Katika pezi la chini la dume, karibu na mkia, kuna madoa ya manjano au ya chungwa yanayofanana sana na mayai. Dume hulitandaza pezi hilo mchangani, jike huyadonoa madoa akitaka kuyaokota nayo, na hapo huvuta mbegu za dume kinywani, mayai yakarutubishwa humohumo. Nimelitazama jambo hili mara nyingi na bado huacha shughuli nyingine zote linapoanza.

Idadi ya mayai haifanani: mbuna wengi hubeba kati ya 10 na 50, ilhali Tropheus huwa na machache, mara nyingi chini ya 15, lakini makubwa.

Hatua ya 4: Kusubiri

Utamtambua jike mwenye mayai kwa kidevu kilichotuna kama kifuko, kwa kukataa chakula, na kwa mwendo wa taya unaofanana na kutafuna. Hali hatafuni, bali anayageuza mayai ili yapate maji safi. Andika tarehe siku hiyohiyo. Katika joto la nyuzi 26 mayai huanguliwa mdomoni baada ya takribani siku 5 hadi 7, na vifaranga huendelea kuishi kwa kiini cha yai walichobeba tumboni. Kufikia siku ya 18 hivi, ukimtazama mama kwa karibu anapopumua, utaona vijicho vyeusi vikichungulia katikati ya midomo yake.

Hapa ndipo wafugaji wengi hupoteza kizazi chote. Mara ya kwanza kabisa nilimhamisha jike siku ya tatu, mchana kweupe, baada ya kumkimbiza kwa wavu kuzunguka mawe yote. Aliyatema mayai kabla sijamtoa majini, na asubuhi yake niliyakuta yamekuwa meupe, yameota ukungu. Tangu hapo simgusi jike kabla ya siku ya 15, isipokuwa anashambuliwa kiasi cha kuchanika mapezi.

Hatua ya 5: Kumhamisha mama

Andaa mapema tangi dogo la lita 40 hivi, lijazwe maji ya tangi kubwa, liwe na hita na kichujio cha sifongo ambacho kimekwisha kufanya kazi kwa wiki kadhaa katika tangi lingine. Sifongo mpya haina bakteria wa kumaliza amonia, na vifaranga ndio wa kwanza kuadhibiwa. Mhamishe mama usiku, taa zikiwa zimezimwa kwa saa moja au mbili, kwani gizani samaki hutulia na wavu humfikia bila fujo. Mpe kipande cha bomba au chungu cha kujificha, kisha mwache awateme vifaranga mwenyewe.

Wapo wanaopenda kuwatoa vifaranga kwa mkono. Hufanywa kwa mikono iliyoloweshwa, mama akishikwa kichwa chini juu ya bakuli la maji yake, na taya la chini likifunguliwa taratibu kwa kijiti laini kisicho na ncha. Binafsi naiona njia hii kuwa ya dharura, kwa sababu mkono usio na uzoefu huvunja taya.

Hatua ya 6: Lishe na maji ya vifaranga

Kiini kikishakwisha, kifaranga hula siku hiyohiyo. Mpe chakula cha vipande kilichosagwa hadi kuwa vumbi, au artemia (vijikamba wadogo sana wa maji ya chumvi) walioanguliwa karibuni, kidogokidogo mara 3 au 4 kwa siku. Badilisha robo ya maji kila baada ya siku 2 au 3, kwa maji yenye joto lilelile na yaliyoondolewa klorini. Mama naye alishwe kwa siku kadhaa peke yake kabla ya kurudishwa kundini, maana akirudi amekonda hana nguvu ya kukwepa.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, jike wangu alibeba mayai kwa siku sita, kisha nikamkuta anakula na kidevu kimenywea. Je, ni ugonjwa?

Jibu: La, ameyameza. Jike mchanga hufanya hivyo katika uzazi wa kwanza na wa pili, na hata jike mkubwa huyameza mayai yasiyorutubishwa au anaposumbuliwa. Mpe nafasi nyingine, wengi huzoea.

Swali: Naomba kufahamu, ndugu, kama ni lazima kuwa na tangi la pili.

Jibu: Si lazima, ikiwa unaridhika na vifaranga wachache. Rundika mawe madogo kwenye kona moja, yenye nyufa ambazo mkubwa haingii, na ufunike mdomo wa kichujio kwa sifongo ili wasifyonzwe. Wengi wataliwa, lakini wale watakaobaki watakuwa wajanja kweli.

Swali: Mbuna wangu wa manjano amezaa vifaranga wenye milia nisiyoielewa. Dume pekee niliyenaye ni wa aina nyingine.

Jibu: Basi ni chotara. Mbuna wa aina tofauti huzaliana wakikosa wenzao. Wafuge ukipenda, lakini usimpe mfugaji mwingine ukimwambia ni wa aina halisi.

Swali: Nina Synodontis multipunctatus pamoja na sikilidi. Jike mmoja ametema vifaranga wawili wenye sharubu. Inawezekanaje?

Jibu: Umeshuhudia jambo adimu, ndugu yangu. Samaki huyo wa jamii ya kambare, wa Ziwa Tanganyika, hujipenyeza sikilidi wanapotaga na kuacha mayai yake, mama akayaokota pamoja na ya kwake. Yake huanguliwa mapema, na vifaranga wake huwala wenyeji wao humohumo mdomoni. Ukitaka vifaranga wa sikilidi, mtenge samaki huyo kabla jike hajataga tena.