Namna ya Kutembeza Besi kwenye Gitaa la Jazi

Besi inayotembea ni mfululizo wa noti za chini zinazopigwa moja kwa kila pigo, nne katika kila kipimo, bila kukatika, hata msikilizaji akahisi kwamba wimbo unasonga mbele ingawa hakuna ngoma inayousukuma. Kwa kawaida kazi hiyo ni ya besi kubwa ya kusimama, ambayo uzi wake mzito hulia oktava moja chini ya uzi wa 6 wa gitaa. Hata hivyo, mpiga gitaa anayemsindikiza mwimbaji peke yake hana budi kuibeba mwenyewe, kama Joe Pass alivyofanya mara nyingi alipompigia Ella Fitzgerald. Katika mwongozo huu nitatumia neno kodi kwa maana ya noti kadhaa zinazolia pamoja.

Hatua ya kwanza ni kuzifahamu noti zote za uzi wa 6 na wa 5, kuanzia freti ya 1 hadi ya 8, kiasi kwamba ukitajiwa jina la noti kidole kinaifikia bila kuhesabu. Usisogee mbele kabla ya hapo.

Hatua ya pili ni kupanga mifupa ya mstari. Chukua vipimo vinne vyenye kodi za Dm7, G7, Cmaj7 na A7, kimoja kwa kila kodi, kisha upige noti ya msingi, ile inayoipa kodi jina lake, pekee kwenye pigo la kwanza la kila kipimo: D katika uzi wa 5 freti ya 5, G katika uzi wa 6 freti ya 3, C katika uzi wa 5 freti ya 3, na A katika uzi wa 6 freti ya 5. Zungusha vipimo hivyo mpaka mkono uzoee safari yake.

Sasa ongeza pigo la nne, na hapa naomba utulie, kwa sababu wanafunzi wengi hudhani kwamba siri ya besi imo katika wingi wa noti, ilhali kinachoifanya itembee ni ile noti ya mwisho wa kipimo inayomvuta msikilizaji kuelekea kodi inayofuata. Njia iliyo rahisi na yenye nguvu ni kusimama nusu toni juu ya shabaha, yaani freti moja mbele yake, kisha kushuka. Kabla ya G piga A flati (uzi wa 6, freti ya 4). Kabla ya C piga D flati (uzi wa 5, freti ya 4). Na kabla ya kurudi D piga E flati (uzi wa 5, freti ya 6). Kabla ya A tutapanda kutoka chini, kwa G shapu iliyo katika uzi wa 6 freti ya 4, ambayo ni ile ile A flati kwa jina lingine. Piga noti hizo mbili tu, ya kwanza na ya nne, huku mapigo ya katikati ukiyahesabu kwa sauti. Utasikia kwamba muziki tayari umeanza kwenda.

Mapigo ya pili na ya tatu hujazwa kwa noti za kodi yenyewe. Mstari kamili utakuwa D, C, A, A flati. Kisha G, B, D, D flati. Kisha C, E, G, G shapu. Na mwisho A, C shapu, E, E flati. Noti ya E katika kipimo cha tatu ipige kwenye uzi wa 6 bila kubonyeza freti yoyote, kwa maana uzi huo mtupu unaupa mkono wa kushoto nafasi ya kuhama bila haraka.

Hatua ya tatu ni metronomu, kifaa kinacholia kwa mwendo usiobadilika. Iweke kwenye milio 40 kwa dakika, lakini kila mlio uuhesabu kuwa pigo la pili au la nne, jambo litakalokupa mwendo wa mapigo 80 kwa dakika. Mwanzoni utapotea mara kwa mara. Hesabu upya, endelea.

Mstari ukishatulia, ingiza kodi. Huhitaji vidole vinne: noti mbili za katikati, ya tatu na ya saba ukihesabu ngazi kutoka noti ya msingi, zinatosha kuitambulisha kodi. Kwa Dm7 ni F katika uzi wa 4 freti ya 3, na C katika uzi wa 3 freti ya 5. Ukienda G7, F inabaki palepale, na C inashuka freti moja tu kuwa B. Kwa Cmaj7 bonyeza uzi wa 4 freti ya 2 na uzi wa 3 freti ya 4. Kwa A7, uzi wa 4 freti ya 5 na uzi wa 3 freti ya 6. Kidole gumba kipige besi, na kidole cha shahada pamoja na cha kati vivute kodi mara moja tu katika kila kipimo, baada ya pigo la kwanza. Ligawe pigo hilo katika sehemu tatu zilizo sawa, kisha kodi iangukie sehemu ya tatu.

Nilipojirekodi kwa mara ya kwanza niligundua kwamba kodi zangu zilidumu muda mrefu huku besi ikikatika, na nadhani hilo ndilo kosa linaloharibu zaidi mtindo huu. Dawa yake iko katika mkono wa kushoto: mara tu kodi inapolia, legeza vidole vinavyoibonyeza bila kuviondoa kwenye nyuzi, huku kidole cha besi kikiendelea kukaza hadi pigo linalofuata.

Mwisho, badilisha noti za kuvukia, yaani zile za pigo la nne. Mahali pa A flati jaribu F shapu, inayoifikia G kutoka chini. Kabla ya A jaribu B flati. Kila badiliko liimbe kwanza, ndipo ulipige.