Kukomaza mayai ya nguruwe maabarani: homoni uziweke lini, uzitoe lini

Juzi nilikaa na mwanafunzi ambaye mayai yake yalipendeza kwa macho, lakini viinitete vilikwama kwenye seli mbili au nne. Tulipopitia daftari lake tukakuta eCG na hCG, homoni za kukomaza mayai, zilikaa na mayai saa zote 44 za kukomaza. Namwandikia yeye, na yeyote aliyekwama hapohapo.

1. Ovari

Zisafirishe kwenye thamosi yenye maji ya chumvi 0.9% na antibayotiki, nyuzi 30 hadi 35. Barafu marufuku: yai la nguruwe limejaa mafuta na baridi huliharibu. Ovari zenye vinundu vyekundu ni za majike waliokwisha kupevuka. Ziweke kando, maana mayai yao hayalingani na ya majike wachanga.

2. Kuvuta na kuchagua

Folikuli (vifuko vya ovari vyenye mayai) za milimita 3 hadi 6, sindano ya geji 18. Chukua mayai yenye tabaka tatu au zaidi za kumulasi (seli zinazolizunguka yai) na yenye weusi uliosambaa sawasawa. Mengine tupa, hata kama roho inauma.

3. Saa 22 za kwanza, pamoja na homoni

Mimi hutumia kioevu cha TCM-199 chenye sisteini 0.57 mM, EGF (protini ya kuchochea ukuaji) nanogramu 10 kwa mililita, eCG na hCG uniti 10 za kila moja kwa mililita. Weka mayai 50 kwa kila kisima cha mikrolita 500, nyuzi 38.5 hadi 39, kaboni dioksidi 5%.

Ongeza dbcAMP 1 mM, kemikali ya kuchelewesha kukomaa. Wapo wanaoiona anasa, mimi siiachi. Yai likishatolewa kwenye folikuli huanza kukomaa lenyewe, kila moja kwa wakati wake: kiini kinakimbia, saitoplazimu inabaki nyuma. dbcAMP hulizuia kidogo ili yote yaondoke pamoja.

FSH, homoni ambayo eCG huiiga, hailiongeleshi yai moja kwa moja. Inapokewa na kumulasi, nayo kumulasi ndipo huanza kutengeneza vipokezi vya LH, homoni ambayo hCG huiiga. Ndiyo maana yai lililovuliwa kumulasi mapema halinufaiki na homoni zako.

4. Kubadilisha kioevu

Hapa ndipo nilipopoteza miezi, kwa hiyo vumilia.

Baada ya saa 22 hamisha mayai kwenye kioevu kilekile kisicho na eCG, hCG wala dbcAMP, yakae saa 22 nyingine. Kuhamisha tu hakutoshi. Kumulasi iliyovimba ni ute wa asidi ya hayaluroni, na ute huo hubeba kioevu cha zamani. Osha mara tatu, kila mara kwenye sahani mpya. Ute huo pia hunata kwenye pipeti, basi tia PVA (polimeri ya kuzuia kunata) 0.1% kwenye kioevu cha kuoshea. Kioevu kipya kiwe kimekaa ndani ya inkubeta angalau saa tatu. Ukikitoa kwenye friji na kukitumia papo hapo, pH itakuwa imepanda na utalaumu homoni bure.

Sasa mafuta. Niliwahi kulinganisha vikundi vya mayai vyenye estradioli (homoni ya ovari) na visivyo nayo, vyote kwenye matone yaliyofunikwa mafuta ya madini. Matokeo yakawa yaleyale, nikarudia tena na tena. Estradioli na projesteroni ni steroidi, hupenda mafuta kuliko maji, kwa hiyo sehemu kubwa ilikuwa imehamia juu. eCG na hCG ni protini, hizo hubaki majini. Ukipima steroidi, tumia sahani ya visima vinne bila mafuta na hakikisha inkubeta ina unyevu wa kutosha.

Bado kuna mitego miwili. Steroidi huyeyushwa kwa ethanoli, basi kikundi linganishi nacho kipewe ethanoli kiasi hichohicho. Na maji ya folikuli, ambayo wengi huongeza 10%, tayari yana steroidi zake. Kwa jaribio la aina hii weka PVA badala yake.

5. Saa 44

Vua kumulasi kwa hayaluronidezi (kimeng'enya cha kuyeyusha ule ute) 0.1%, hesabu mayai yenye kijimwili cha pola, seli ndogo inayoonyesha kwamba yai limekomaa.

6. Kuanzisha kiinitete

Kama swali lako ni homoni, usianze na mbegu za kiume. Mayai ya nguruwe maabarani huingiwa na mbegu zaidi ya moja mara nyingi mno, na hapo hutajua kilichoharibu ni nini. Yaamshe kwa umeme kwanza, yagawanyike bila mbegu. Utungisho uje baadaye, ukishajua kioevu chako kinafanya kazi.

7. Kukuza

Tumia PZM-3 (kioevu cha kukuzia viinitete vya nguruwe), oksijeni 5%. Hesabu yaliyogawanyika saa 48, na blastosisti (viinitete vilivyofikia hatua ya kuwa kifuko chenye maji) siku ya 6 au 7. Usiridhike na hesabu ya saa 48. Hadi seli nne kiinitete cha nguruwe huishi kwa akiba aliyoiweka mama ndani ya yai. Jeni zake huwashwa kwa wingi hapo. Kosa la hatua ya nne linaweza kujificha hadi wakati huo, kama lilivyojificha kwa mwanafunzi wangu.

Blastosisti zitie rangi ya Hoechst uhesabu viini. Nimeona nyingi zenye umbo zuri na viini vichache tu ndani.